Kandake wa Kushi na vijana wa Rudewa

Leo fungua Matendo ya Mitume, sura ya 8. Utamkuta Filipo akipanda gari la ofisa mmoja, mtunza hazina wa Kandake. Wengi hudhani Kandake ni jina la mtu, kumbe ni cheo. Ndivyo walivyoitwa malkia wa Kushi, ufalme wa kando ya Nile katika nchi ambayo leo tunaiita Sudan. Ofisa huyo alibatizwa njiani, na Luka anatusimulia habari yake kabla ya kutusimulia kuongoka kwa Paulo.

Aprili 2019 cheo hicho kilisikika tena Khartoum. Mwanafunzi wa miaka 22, Alaa Salah, alisimama juu ya gari amevaa vazi jeupe, umati ukimwitikia, na watu wakamwita Kandaka. Utawala wa Omar al-Bashir ulikuwa umewakuza vijana hao kwa miaka 30 ukiwaambia kwamba Msudani halisi ni Mwarabu na Mwislamu. Wao wakachimba chini zaidi, wakakuta Kushi.

Lakini kuna jambo lililonigusa kuliko picha ile. Maandamano yalipopamba moto Desemba 2018, yakianzia kwenye bei ya mkate, serikali ilidai kwamba wachochezi ni wanafunzi kutoka Darfur. Ilitegemea vijana wa mjini wangejitenga nao haraka. Badala yake waliingia barabarani wakiimba kwamba nchi nzima ni Darfur! Kumbuka Darfur ni wapi. Huko ndiko, tangu 2003, serikali iliwapa silaha wanamgambo kutoka baadhi ya jamii za wafugaji, wakachoma vijiji vya wakulima.

Wafugaji na wakulima. Ukilisikia hilo nawe ni mtu wa Kilosa, hutauliza kwa nini Padre anahangaika na Sudan.

Tarehe 8 Desemba 2000, alfajiri ya sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni. Redioni ilitangazwa kwamba Wamasai wameua wakulima, na kwa wengi habari ikaishia hapo, kana kwamba kabila ni sababu inayotosha. Uliza chanzo, utaambiwa habari za malisho, maji na mashamba kwenye njia za mifugo, na malalamiko ya pande zote mbili kwamba mwenye fedha ndiye anayesikilizwa. Damu ilimwagika kwa ajili ya ardhi, nasi tukaipa jina la ukoo.

Juzi nilikuwa na wanafunzi wa Kipaimara katika kigango kimoja upande huo. Wote wamezaliwa baada ya mwaka 2000. Waliingia, wakakaa: hawa benchi za kushoto, hawa za kulia. Hakuna aliyewapanga. Binti mmoja akasema “wale Wamasai”, na kijana wa upande wa pili akajibu “ninyi Waswahili”, bila hasira, kama mtu anayetaja siku za wiki. Na wote wanasema Kiswahili kilekile!

Nikawasimulia habari za Darfur. Yule binti akaniuliza, “Lakini Padre, hao vijana walipata nini? Si bado wanapigana?”

Swali la haki. Bashir aliangushwa Aprili 2019, lakini Juni wanajeshi waliwaua vijana palepale walipokuwa wamekaa. Oktoba 2021 jeshi lilipindua serikali ya mpito. Tangu tarehe 15 Aprili 2023 majenerali wawili wanaichana nchi, na kikosi cha mmoja wao kimetokana na wanamgambo walewale wa Darfur. Mamilioni wameyakimbia makazi yao. Sikumficha.

Nikamwambia pia kuhusu majiko. Katikati ya mabomu, vijana waliotoka katika kamati zile za mitaa wanapika uji na maharage kwa majirani, na anayeleta bakuli haulizwi ni Mwarabu au Mmasalit. Wengine wamekamatwa na kuuawa kwa kazi hiyo.

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kama wao nao wanaweza kupika siku ya Kipaimara, sufuria moja, pande zote mbili. Kijana wa kulia akasema kwao kuna maziwa. Katekista akanitazama mimi, nami nikatazama benchi. Wazazi bado hawajaambiwa.