Mto Hauna Idara

Mto Nairobi ukishatoka jijini unaungana na Athi. Ukizidi kushuka unaitwa Galana, halafu Sabaki, na mwisho unaingia Bahari Hindi karibu na Malindi. Majina manne, maji ni yale yale. Kinachomwagwa Korogocho hakisimami mpakani kuonyesha kitambulisho.

Lakini ukiingia kwenye vyuo vikuu vyetu utakuta maji hayo yamepasuliwa katikati. Kwenye jengo moja wanafunzi wanajifunza kilichomo ndani ya maji: bakteria, metali, mbolea iliyochuruzika kutoka mashambani. Kwenye jengo lingine wanajifunza namna ya kuyabeba: mabomba, pampu, mabwawa, kasi na mteremko. Wa kwanza wanaitwa wanasayansi wa mazingira, wanasoma miaka 4. Wa pili ni mainjinia, miaka 5. Wanakutana kwenye foleni ya chakula tu, kila mmoja na sahani yake ya madondo.

Mimi nasema ukuta huo uangushwe. Sayansi ya mazingira na uhandisi wa mazingira zisomwe pamoja, na mtu mmoja, kwa shahada moja. Ukuta huu una kazi moja tu unayoifanya vizuri: kila mwaka unatoa vijana waliofundishwa kusema, "Hiyo si idara yangu."

Unaanza mapema. Wengi wetu tuliopita 8-4-4 tulichagua masomo mwisho wa kidato cha pili, tukiwa na miaka 15 au 16, na Fizikia ndiyo iliyoachwa na wengi. Mara nyingi hata si kwa kupenda. Shule haina mwalimu, au maabara ni chumba chenye meza ndefu na kabati lililofungwa. Miaka miwili baadaye KUCCPS inakuuliza alama zako za Fizikia. Huna? Basi uhandisi umekupita, hata kama umekulia kando ya mto na unaujua kuliko yeyote atakayepewa nafasi hiyo. Na yule mwenye A ya Fizikia anaingia uhandisi, anafunga kitabu cha Biolojia, na huenda asikifungue tena maishani.

Halafu kuna heshima. Mzazi akisikia "injinia" anachinja mbuzi. Akisikia "sayansi ya mazingira" anauliza, "Yaani kupanda miti?"

Sheria nazo zimeupiga ukuta lipu. Sheria ya Wahandisi ya 2011 inakataza mtu kujiita mhandisi kabla hajasajiliwa na bodi yao. Sheria ya mazingira ya 1999, ile EMCA, inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wanaoifanya wawe wamesajiliwa na NEMA. Sheria zote mbili ni nzuri na sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni jinsi zinavyokutana kazini. Mara nyingi mchoro unamalizwa kwanza, halafu mtu wa mazingira anaitwa aandike ripoti. Kufikia hapo mahali pa bomba pameshachaguliwa na mwanakandarasi ameshaanza kuulizia bei ya saruji. Kilichobaki kwa mtu wa mazingira ni kupendekeza miti ipandwe kando ya ua.

Tuache nadharia, twende Bonde la Ufa. Miamba ya huko ni ya volkeno, na maji yanayopita ndani yake hubeba floraidi. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini visima vingi vya Nakuru na majirani zake vinapita hapo. Ndiyo maana unakutana na watoto wenye meno ya kahawia ambao hawajawahi kuvuta sigara wala kunywa chai ya rangi. Ikizidi kwa miaka mingi, mifupa yenyewe inaharibika.

Sasa waite wataalamu wetu wawili waliosomea mbalimbali. Yule wa pampu atakuambia chimba zaidi, maji yapo. Kweli yapo. Lakini ukienda chini ndani ya mwamba ule ule unaweza kupata floraidi nyingi kuliko ya juu. Yule wa sayansi atapima, atachora ramani nzuri yenye rangi nyekundu, na ataandika kwamba hali inatia wasiwasi. Mama aliyesubiri na mtungi wa lita 20 hana la kufanya na ramani. Hata kuchemsha hakumsaidii, kwa sababu floraidi haitoki na mvuke. Maji yakipungua sufuriani, inakolea.

Jibu mojawapo lililofanya kazi huko lilikuwa makaa ya mifupa. Jimbo Katoliki la Nakuru lilijenga mradi mzima juu yake: mifupa ya ng'ombe inachomwa tanurini, inasagwa, inapangwa ndani ya chujio, na maji yanapita polepole. Floraidi inanaswa na madini yaliyomo ndani ya mfupa. Mifupa isipoiva vizuri, maji yananuka. Ikichomwa kupita kiasi, uwezo wa kunasa unashuka. Maji yakipita mbio, yanatoka kama yalivyoingia. Na baada ya muda makaa yanashiba, lazima yabadilishwe. Sasa niambie, joto la tanuri ni sayansi au uhandisi? Kasi ya maji je? Na kujua siku ambayo makaa yameshiba? Ukitenganisha maswali hayo, unabaki na ndoo ya mifupa.

Au twende Ruai, mashariki mwa Nairobi, yaliko mabwawa yanayopokea sehemu kubwa ya maji taka ya jiji. Wengi wakisikia mtambo wa maji taka wanafikiria mashine na moshi. Mabwawa ya aina hii yanategemea jua, upepo, bakteria na mwani. Bwawa la kwanza ni la kina kirefu na halina hewa, kwa hivyo uchafu mzito unatua chini na bakteria wanaula. Linalofuata ni la kina kifupi: mchana mwani unatumia mwanga wa jua kutengeneza oksijeni, na bakteria wanaitumia kumaliza kilichobaki. Ya mwisho ni ya kina kifupi pia, na hapo jua linaua vijidudu vya magonjwa. Safari yote inachukua siku nyingi.

Ni shamba, kusema kweli, ila mazao yake ni maji. Lakini shamba hili lina vipimo. Ukikosea umbo la bwawa au mahali pa mlango, maji yanapata njia ya mkato, yanaingia huku na kutokea kule kabla ya bakteria kufanya kazi yao. Ukijua umbo lakini hujui kwamba usiku mwani huo huo unavuta oksijeni badala ya kuitoa, utapima saa nane mchana, utafurahi, na utaandika ripoti ya uongo bila kujua. Mtu wa kusimamia mahali kama hapo anatakiwa amejua yote mawili kabla ya kukabidhiwa funguo za geti.

Kuna watakaosema basi wafanye kazi kama timu, kwa nini mtu mmoja asome yote? Timu inahitaji lugha. Mwanasayansi anapima uchafu kwa miligramu kwa lita. Injinia anapima maji kwa mita za ujazo kwa sekunde. Chukua mfereji wa kubuni wenye miligramu 50 za uchafu kwa kila lita, unaotiririsha mita 2 za ujazo kila sekunde. Zidisha. Unapata gramu 100 kila sekunde, yaani zaidi ya tani 8 kwa siku. Hiyo ndiyo namba ambayo samaki wanaishi nayo, na ni hesabu ya shule ya msingi. Lakini nusu yake inakaa kwenye ripoti moja na nusu nyingine kwenye mchoro mwingine, na kama hakuna aliyefundishwa kuziona kama kitu kimoja, hakuna atakayezizidisha.

Wengine watanirushia methali: mshika mawili moja humponyoka. Methali hiyo inahusu vitu viwili. Hapa tunazungumzia kitu kimoja kilichokatwa na panga. Daktari hapa Kenya anasoma miaka 6, anaujua mwili mzima kwanza, ndipo baadaye anachagua kama atashika kisu. Hakuna anayemwambia aliyesomea ugonjwa asiguse mgonjwa, wala anayemwachia wa kisu apasue bila kujua ini liko upande gani.

Pingamizi kubwa ni hili: tatizo la Kenya ni ufisadi, si mitaala. Nalijibu kwa Owino Uhuru. Pale Mombasa, kando ya nyumba za watu, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi kilifanya kazi kuanzia 2007 hadi 2014. Phyllis Omido aliajiriwa hapo 2009, na kazi mojawapo aliyopewa ilikuwa kusimamia tathmini ya mazingira. Tathmini ilionyesha hatari. Wakubwa hawakuitaka. Mtoto wake mwenyewe akapatikana na risasi kwenye damu. Akaacha kazi, akapigana, na 2020 mahakama ya Mombasa ikatoa fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa wakazi. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Kati ya waliopatikana na lawama mwaka huo wa 2020 ni NEMA, mlinzi mwenyewe wa mazingira.

Ndiyo, hapo kulikuwa na tamaa, na hakuna shahada inayotibu tamaa. Lakini tamaa inahitaji mahali pa kujificha, na kichaka kizuri kuliko vyote ni mpaka kati ya taaluma. Mwenye tanuri anasema yeye ni wa tanuri, mambo ya damu ya watoto aulizwe daktari. Mwenye ripoti anasema yeye alishaandika, kujenga si kazi yake. Mwenye muhuri anasema yeye aliletewa karatasi tu. Aliyesomea moshi na bomba la moshi kwa pamoja hawezi kutumia kisingizio hicho. Anaweza kuwa mwizi, sikatai, lakini atakuwa mwizi aliyejua, na mahakama inajua la kumfanya mtu wa aina hiyo.

Mimi mwenyewe nilisoma sayansi ya mazingira mihula 4 kabla karo kunishinda. Muhula wa tatu niliomba kukaa nyuma kwenye darasa la haidroliki la mainjinia, bila mtihani, bila alama, kusikiliza tu. Mhadhiri hakuwa na shida, viti vilikuwepo. Ofisi ikasoma msimbo wa kozi yangu kwenye kompyuta na kuniambia mfumo hauruhusu. Ukuta wenyewe ndio huo, na haukujengwa kwa mawe.

Najua wapo waliojaribu. Chuo Kikuu cha Nairobi kina uhandisi wa mazingira na mifumo ya kibiolojia, JKUAT wana uhandisi wa udongo, maji na mazingira. Heko kwao. Lakini hizo bado ni kozi za uhandisi, na mlango wake ni ule ule wa Fizikia. Mtoto wa sayansi ya mazingira anabaki nje akichungulia dirishani.

Ninachotaka si kigumu. Miaka 2 ya kwanza wote wakae darasa moja: kemia ya maji, vijidudu, hisabati, haidroliki, udongo. Aliyekosa Fizikia sekondari apewe muhula wa kuifukuzia badala ya kufungiwa nje milele kwa uamuzi aliofanya na miaka 15. Miaka 3 inayofuata kila kundi likabidhiwe mahali halisi: bwawa moja la Ruai, mtaro mmoja wa Mathare, kisima kimoja cha shule Nakuru. Wapime wenyewe, wachore wenyewe, na jina liwe moja chini ya kipimo na chini ya mchoro. Bodi ya Wahandisi na NEMA wakae meza moja waitambue shahada hiyo, mhitimu asilazimike kuchagua nusu ya akili yake siku ya usajili.

Mtauliza nani atalipia mwaka wa ziada, na ni swali la haki, hasa likiulizwa na mtu kama mimi. Walipie wanaolipia mabwawa na mitambo. Mradi mmoja wa maji taka uliojengwa vibaya unakula pesa ambazo zingesomesha darasa zima, na bado mama mboga ananunua maji kwa mtungi.

Kwa hivyo wewe unayechagua kozi mwaka huu, usiishie kuuliza alama za kuingilia. Siku chuo kikipokea wageni, simama mbele ya meza yao na uulize: nikichukua kozi hii, nitaruhusiwa kuketi darasani kwenye lile jengo lingine? Uliza kwa sauti, wazazi wakiwa hapo, na usiondoke mpaka mtu akujibu.