Bajaji ya Umeme au ya Petroli?

Huenda kijana wako aliyeko Temeke au Kinondoni amekupigia simu, akiomba fedha za mavuno anunue bajaji ya umeme. Usimkasirikie, wala usiuze ng'ombe upesi. Chombo hicho hakina plagi wala oili ya injini, na EWURA wakitangaza bei mpya za petroli kila mwezi, mwenyewe hatikisiki. Lakini petroli hujazwa kwa dakika chache. Betri huchajiwa kwa saa kadhaa, tena huchoka mwaka kwa mwaka, na mpya ni ghali. Basi muulize mambo matatu: Atachaji wapi? Betri ina dhamana ya miaka mingapi? Fundi wake ni nani? Akijibu vema, mbariki. Akibabaika, fedha zikae kwanza. Wadogo zake wanahitaji sare na madaftari.