Kabla ya Mvua: Funzo la Yamoto Band kwa Wazazi na Walezi

Ndugu Waislamu, huenda msomaji akashangaa kuliona jina la kundi la muziki katika kurasa hizi. Hukumu ya muziki ina mlango wake, nami siufungui leo. Kadhia ninayoizungumzia ni haki ya mtoto mwenye kipaji mbele ya mtu mzima anayekikuza kipaji hicho na kukiuza.

Wengi wenu mnaikumbuka Yamoto Band. Hawakuwa marafiki waliokutana mtaani wakaamua kuimba pamoja. Kundi hilo liliundwa katika kituo cha Mkubwa na Wanawe, Temeke, Dar es Salaam, chini ya Said Fella, ambaye kabla ya hapo aliwasimamia TMK Wanaume Family. Vijana walikuwa wanne: Aslay, aliyekwisha kujulikana tangu udogoni, Maromboso, Beka na Enock Bella. Kufikia mwaka 2015 nyimbo zao zilisikika hapa Ifakara kuanzia stendi mpaka kwenye mashine za kukoboa mpunga. Kufikia mwaka 2017 kundi halikuwapo tena, na kila mmoja alikuwa ameshika njia yake. Aslay alitoa nyimbo mfululizo mwaka huo. Maromboso, kwa jina la Mbosso, alitambulishwa na WCB Wasafi mwaka 2018.

Hapa pana la kuzingatia. Lau vijana wale wangekosa uwezo, tungesema kipaji kimekwisha. Lakini miongoni mwao wamo waliopata umaarufu mkubwa zaidi wakiwa peke yao. Simtuhumu mtu, kwani kuwakusanya vijana na kuwapa kazi ni jambo la kushukuriwa. Ninalosema ni kwamba kundi lolote ambalo mtu mzima huwaundia wadogo lina mtihani wake tangu siku ya kwanza, nao ni kuwa wadogo hukua. Aliyeridhika na nauli na nguo akiwa na miaka 15, akifika miaka 22 hutaka kuijua hesabu. Huo si utovu wa adabu. Ni ukomavu wa akili ambao wanachuoni wanauita rushd.

Huko Marekani, Lou Pearlman aliunda kundi la vijana watano, Backstreet Boys, mwaka 1993. Mkataba wao ulimhesabu yeye kuwa ni mwanakundi wa sita, akapokea fungu hilo juu ya mafungu yake mengine. Mwaka 1998 vijana wale walimfikisha mahakamani wakidai haki yao. Dunia nzima iliwajua kwa sura na majina, ilhali mapato ya jasho lao yalikuwa mikononi mwa mwingine.

Sasa turejee bondeni kwetu. Nani katika Kilombero humkodisha mtu shamba la mpunga bila ya kutaja malipo? Kabla ya mvua kunyesha, wawili huketi wakakubaliana ni fedha kiasi gani au magunia mangapi kwa ekari, na ni kwa msimu mmoja au miwili, naye jirani akashuhudia. Ajabu ni kwamba sisi hao hao humkabidhi mtu mtoto wetu kwa maneno matupu: "Mchukue, ni mwanao."

Mzee mmoja alinijia baada ya sala ya alasiri akiwa na karatasi aliyotakiwa kuitia saini kwa ajili ya kijana wake mwenye sauti nzuri. Niliisoma mara mbili. Haikutaja muda wala fungu la kijana. Nilimshauri asitie saini. Lakini usiku ule sikupata usingizi, kwani nilikumbuka vijana wetu wa kaswida tuliowarekodi miaka iliyopita. Kanda ziliuzwa, fedha zikaingia katika ujenzi wa madrasa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewasomea hesabu vijana wale wala wazazi wao. Nia ilikuwa njema, lakini nia njema haifuti deni.

Tusisahau kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Na Suratun Nisaa, katika aya ya 6, imemuamuru msimamizi wa yatima amkabidhi mali yake anapofikia rushd, tena mbele ya mashahidi. Ikiwa mali ya mtoto imewekewa ulinzi huo, vipi sauti yake, ambayo ndiyo mtaji wake pekee?

Kwa hiyo nawausia wazazi, na viongozi wa misikiti kabla yao, mambo matatu. Muda uandikwe, na mkataba uangaliwe upya mtoto akifikia utu uzima. Fungu lake litajwe kabla ya shilingi ya kwanza kuingia. Na hesabu isomwe mbele ya mzazi na shahidi kila mwaka. Sisi wa madrasa tuanze na vijana wetu wa kaswida, ili tutakapomkataza mwingine dhulma asituulize kuhusu zile kanda.

Wabillahi tawfiq.