Fomu za Intaneti Zisifiche Sera ya Faragha

Yamkini ni wachache mno, miongoni mwa walimu na wanafunzi wa siku hizi, ambao hawajawahi kujaza fomu ya intaneti ili watumiwe jarida kwa barua-pepe. Fomu yenyewe huwa fupi: jina, anwani, pengine nambari ya simu, kisha kitufe cha kukubali. Je, anayekibonyeza huwa amekubali nini hasa?

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinamhakikishia kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inamtaka anayekusanya maelezo ya mtu amweleze, kabla ya kuyachukua, sababu ya kuyahitaji, watakaopewa, na haki alizo nazo mwenyewe. Ridhaa sharti iwe ya hiari na ya mtu aliyefahamishwa. Ubishi ukizuka, ni juu ya mkusanyaji kuithibitisha.

Kwa hivyo, haifai kiungo cha sera ya faragha kitupwe chini kabisa ya ukurasa kwa maandishi madogo yasiyosomeka. Mahali pake ni kando ya kitufe cha kukubali, na kisanduku cha kuridhia kiachwe kitupu ili msomaji akitie alama mwenyewe.

Hata hivyo, kiungo pekee hakitoshi. Aghalabu sera hizi huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Katika isimu, kukubali ni tendo la usemi, na tendo hilo halitimii pale ambapo mmoja hakuelewa anachokubali. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Mbona basi sera hizi zisiandikwe kwa Kiswahili chepesi?

Shule zina wajibu mkubwa zaidi, kwa kuwa sheria inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data ya mtoto. Mnamo Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Majina na anwani za watoto katika fomu ya jarida hayana budi kulindwa vivyo hivyo.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walimu na waifundishe sera ya faragha kama kifungu cha ufahamu: nani anachukua maelezo yangu, kwa nini, atampa nani, nami nitajiondoaje? Mwanafunzi asiyepata majibu hayo na aiache fomu tupu.