Afya Yetu: Matanga Yakiisha, Tusiwaache Wenzetu

Mtu akivunjika mguu, kijiji kizima kinaona. Tunatafuta machela na kumpeleka hospitali. Lakini mtu akivunjika moyo, nani anaona? Mwezi huu tuzungumze juu ya jeraha hilo lisiloonekana.

Tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria, karibu na Mwanza. Mamia ya watu walikufa. Wengi walizikwa pamoja huko Igoma. Mimi nilikuwa na jirani aliyefiwa na mkewe katika meli ile. Tulifika wote kwake. Tulileta unga, kuni na maji. Tulilala nje ya nyumba yake mpaka matanga yakaisha. Kisha tukarudi mashambani, kila mtu kwenye kazi yake.

Baada ya miezi michache, jirani yangu aliacha kwenda shamba. Hakula vizuri wala hakulala. Nilimwendea nikamwambia, "Jikaze, bwana. Wewe ni mwanaume." Nilidhani nimemsaidia. Kumbe nilimfunga mdomo. Tangu siku ile hakuniambia neno lolote la moyoni. Mwaka uliofuata alihama. Mpaka leo sijui kama alipata mtu wa kumsikiliza.

Nimeandika haya kwa sababu misiba mikubwa bado inatupata. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Watu zaidi ya 200 walikufa. Tarehe 3 Desemba, 2023, matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang. Yalifukia nyumba huko Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Baada ya misiba kama hii, chakula na blanketi vinahitajika. Lakini mtu aliyeona mtoto wake akichukuliwa na matope anahitaji pia mwenzake wa kuketi naye.

Je, mpaka awe daktari?

Hapana. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa kitabu cha kuwafundisha watu wa kawaida kazi hii. Ni kama huduma ya kwanza, ila ni ya moyo. Ina mambo matatu: kuangalia, kusikiliza na kuunganisha.

Kwanza, angalia. Je, mahali hapo ni salama? Nani ameumia? Nani yuko peke yake? Mtoto yupi hana mzazi karibu?

Pili, sikiliza. Jitambulishe. Keti naye. Muulize anahitaji nini sasa. Akitaka kusema, msikilize bila kumkatiza. Akitaka kunyamaza, nyamaza naye. Akilia, mwache alie. Usimlazimishe kusimulia aliyoyaona. Zamani wataalamu wengine walidhani ni vizuri kila mtu asimulie mara moja. Siku hizi hawashauri hivyo, maana kumlazimisha kunaweza kumwumiza zaidi.

Tatu, unganisha. Msaidie kuwapata ndugu zake. Mwonyeshe mahali pa maji, chakula na dawa. Mpe habari za kweli tu. Kama hujui, sema hujui. Usiahidi usichoweza kutimiza.

Yako maneno ambayo tumezoea kusema, lakini hayasaidii. "Usilie." "Afadhali wewe, fulani amefiwa na watu watano." "Utapata mtoto mwingine." Maneno hayo yanamwambia mtu kwamba uchungu wake si kitu. Ni heri kusema, "Pole sana. Niko hapa nawe."

Mabibi wa Zimbabwe

Huko Zimbabwe, mwaka 2005, serikali ilibomoa nyumba na vibanda vingi mijini. Umoja wa Mataifa ulisema watu wapatao 700,000 walipoteza makazi au riziki, au vyote viwili. Watu wengi walibaki na mawazo mazito. Madaktari wa magonjwa ya akili walikuwa wachache mno. Daktari mmoja, Dixon Chibanda, aliwafundisha mabibi 14 wa mtaa wa Mbare, mjini Harare. Kazi ilianza mwaka 2006. Bibi aliketi na mgonjwa kwenye benchi, nje ya zahanati. Alimsikiliza. Kisha walichagua pamoja tatizo moja, na kutafuta hatua moja ndogo ya kulitatua.

Je, ilisaidia? Watafiti walipima wagonjwa 573 katika zahanati 24. Matokeo yalitolewa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, kati ya kila watu 100 waliopata huduma ya kawaida, kama 50 walikuwa bado na huzuni kubwa. Kati ya kila 100 waliozungumza na wasaidizi wa benchi, walikuwa kama 14 tu. Mpango huo ulifika Malawi, na hata Zanzibar. Benchi ni kitu ambacho fundi wa kijijini anaweza kulitengeneza, na mabibi wenye busara hata sisi tunao.

Wakati wa kwenda zahanati

Watu wengi hupata nafuu polepole wakiwa na ndugu na majirani. Lakini wengine huugua. Mtu asipolala kwa majuma mengi, akizidisha pombe, akiacha kujitunza, au akisema heri afe, mpeleke kwenye kituo cha afya. Usiogope kumwuliza waziwazi kama anafikiri kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo. Kunampa nafasi ya kusema. Usimwache peke yake mpaka apate msaada.

Anayejitolea naye ana moyo

Msaidizi atunze siri. Asidai malipo. Nendeni wawili wawili. Kila jioni kutaneni mzungumze jinsi kazi ilivyowalemea. Aliyechoka apumzike. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tena, kazi hii haiishi siku matanga yanapoisha. Gaweni nyumba za kitongoji. Kila msaidizi awe na nyumba zake chache. Apite baada ya mwezi, baada ya miezi mitatu, na siku ya kutimiza mwaka. Siku hiyo uchungu hurudi.

Ndugu msomaji, kama ningemkuta leo jirani yangu yule, nisingemwambia ajikaze. Ningechukua kigoda, nikaketi karibu naye, nikamwuliza mkewe alikuwa mtu wa namna gani. Kisha ningenyamaza nimsikilize.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Katika kijiji chenu, ni nyumba ipi iliyofiwa ambayo haijatembelewa tangu matanga yaishe?

2. Ni maneno gani ya kufariji mnayoyatumia? Yapi yanasaidia, na yapi yanaumiza?

3. Nani kati yenu yuko tayari kujitolea, na mtaanza lini?

Tukutane tena mwezi ujao.