Kisima Kisichofungika
Pipa la mafuta ya taa likivuja dukani, mwenye duka hukimbilia mchanga. Ndivyo walivyofanya Lakeview, California, huko Marekani. Machi 1910 wachimbaji walitoboa mafuta, yakaruka kwa nguvu hata mnara wao ukamezwa. Kuziba hakukuwezekana. Basi wakajaza mchanga maguniani, wakazungusha boma. Mafuta yakawa ziwa, na uzito wa ziwa ukapunguza nguvu ya chemchemi. Akili hiyo naisifu. Hata hivyo yalitoka miezi 18, mapipa kama milioni 9, mpaka kisima kilipobomoka chenyewe ndani. Siku hizi mdomo wa kisima huwekewa koki nzito mapema. Lakini mwaka 2010, katika Ghuba ya Meksiko, kisima kililipuka, watu 11 wakafa. Koki ikashindwa kufunga, mafuta yakamwagika baharini siku 87.