Mashine ya Tatuu Siyo Peni, Jamani!

Niliahidi kuandika kuhusu foleni ya kantini, ila hiyo isubiri. Jana usiku yamenikuta makubwa hosteli, mpaka leo lekcha ya asubuhi nimekaa tu, sijaandika hata mstari.

Nimerudi rumu saa nne usiku, nakuta jamaa sita wamejazana kitandani kwangu. Kwangu! Katikati kuna mchizi wa mwaka wa tatu ana kidude kinalia kama nyuki ndani ya chupa. Nikakiangalia vizuri: mota ya redio kaseti, bomba la peni, kijiko kilichokunjwa, waya wa gitaa ulionolewa na chaja ya simu. Bumu limetoka, kwa hiyo foleni ipo. Elfu kumi jina la mpenzi. Wa kwanza kashachorwa, wa pili anapakwa spiriti. Waya ule ule, wino ule ule kwenye kifuniko cha chupa ya maji.

Nikauliza, "Hamjabadilisha sindano?" Mchizi akacheka: "Acha ushamba mwanangu, hii siyo sindano ya hospitali. Ni kama peni tu, inachora juu juu."

Juu juu? Haya, tuongee.

Kweli mashine hii ina undugu na peni. Mwaka 1876 kule Marekani Thomas Edison alipata hataza ya peni ya umeme. Lakini peni ile haikuandika, ilitoboa! Ilikuwa inatoboa karatasi vitundu vidogo vidogo ili wino upite na kutoa nakala. Mwaka 1891 Samuel O'Reilly, mchora tatuu wa New York, akalichukua wazo lile na kupata hataza ya mashine ya kutoboa ngozi. Kwa hiyo hata babu yake alikuwa mtoboaji.

Mashine ya koili inafanya kazi kama kengele ya umeme tuliyosoma kwenye fizikia sekondari. Umeme ukipita, koili zinakuwa sumaku na kuvuta kipande cha chuma kinachosukuma sindano chini. Kikivutwa tu, mguso unaachia, umeme unakatika, springi inakirudisha juu, umeme unaunga tena. Ya mota, kama hii ya hosteli, inazungusha kishikizo kilichokaa pembeni ya katikati, mzunguko unageuka kuwa panda-shuka. Zote zinapiga makumi ya mara kwa sekunde moja!

Na sindano yenyewe haina tundu. Wino unajishikiza kwenye ncha, kisha unazama kwenye kila kitobo. Unazama kiasi gani? Milimita moja hadi mbili. Ngozi ya juu kabisa inajibandua yenyewe kila baada ya wiki kadhaa. Kama ingekuwa inachora juu juu, jina la mpenzi lingetoka na nongo kabla bumu lijalo halijaingia! Tatuu inabaki kwa sababu wino umefika ngozi ya ndani, kwenye mishipa ya damu, na seli walinzi za mwili zinaumeza zikidhani ni adui. Watafiti wa Ufaransa mwaka 2018 walionyesha kwa panya kwamba seli hizo zikifa, nyingine zinaupokea wino ule ule. Mwili wako unalinda zamu maisha yote.

Sasa fikiria: kinachoshuka na wino kinapanda na damu. Inaingia kwenye bomba, inaingia kwenye kifuniko. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi. Kupaka spiriti kwenye mkono wa mteja hakuisafishi damu iliyoganda ndani ya bomba la peni.

Najua mtaniita mlokole. Mimi tatuu hazinisumbui. Wamakonde walichanja chale na kupaka masizi kabla O'Reilly hajazaliwa, kwa hiyo msiniletee habari za uzungu pia. Ninachosema ni kwamba sindano iwe mpya, itoke kwenye pakiti mbele ya macho yako. Kikombe cha wino cha mtu mmoja, glavu, na vyombo vya kurudia vipikwe kwa mvuke wa presha, nyuzi 121. Huna hela ya sindano mpya? Basi huna hela ya tatuu!

Kinachoniuma zaidi siyo mchizi. Kwenye foleni ile alikuwepo wa uhandisi, akisifia mota. Alikuwepo wa famasia, namba nne! Tunasoma ili tujibu mtihani, tukirudi rumu tunaacha akili kwenye daftari.

Yule wa kwanza, kama unasoma hapa: waya ule ulitumika na wiki iliyopita. Nenda zahanati leo. Dawa za kuzuia VVU baada ya hatari zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na ulizia chanjo ya homa ya ini B.

Rumeti wangu alikuwa namba tatu. Nilichomoa chaja, foleni ikavunjika. Mpaka sasa haongei na mimi. Poa tu, mkono wake hauna hata kitobo.

Nawasilisha.